Anayetembea Nyuma ya Wote

Ukoo wa mume wangu siupendi, na sioni haya kusema. Wamezaliwa saba tumbo moja. Sita kati yao nikiwaona barabarani nahama upande. Wa saba ni dada yao mkubwa, wifi yangu, na huyo ndiye ninayetaka kumweleza hapa, kwa sababu watu wa mji huu wanamjua kwa jina la utani tu na wanalitaja huku wanacheka. Wanamwita Bi Mkia.

Siku niliyofungiwa nyumba nilikuwa natoka hospitali, ambako nilikuwa nimemuuguza mama yangu siku kumi na moja. Nilikuta mlango una kitasa kipya, dirisha lina pazia nisilolijua, na vitu vyangu vimetiwa kwenye magunia mawili pembeni ya ngazi. Mume wangu hakutoka. Alimtuma mdogo wake aje kuniambia kwamba mambo yamebadilika, na kwamba ni vizuri tuachane kwa amani, shemeji. Kwa amani. Miaka kumi na tisa nimepaka chokaa kuta zile kwa mikono yangu, halafu natangaziwa amani na mtu niliyekuwa namfulia soksi akiwa mwanafunzi. Majirani wote walikuwa wametoka kuchota maji kwa pamoja, hata wale ambao ndoo zao zilikuwa zimejaa.

Ndipo nikamwona wifi anavuka barabara. Alikuwa ametoka kazini, viatu vyake vya mlimani vina vumbi hadi kwenye kamba, beji kifuani. Hakumsalimia ndugu yake wala hakuuliza kitu. Aliinua gunia zito akajitwika, akanionyesha lile jepesi kwa kidevu.

"Tangulia, wifi," akasema. "Mimi nakuja nyuma yako."

Kutoka pale hadi chumbani kwake ni mwendo wa nusu saa. Tulisimama mara tatu, na kila mara ni yeye aliyeomba. "Wifi, tupumzike, nimechoka." Mimi nikakaa juu ya gunia langu nikalia mpaka nikamaliza, yeye amesimama anatazama upande mwingine, kisha tukaendelea. Nilijiambia kwamba mwanamke huyu naye nguvu zimemwishia, maskini, na bado amebeba mzigo wa watu.

Miaka sita sasa naishi naye katika kile chumba nyuma ya karakana ya fundi baiskeli. Kina vitanda viwili, meza moja, na msumari anaotundika viatu vyake kwa kamba ili panya wasivitafune. Asubuhi ananiamsha kwa kugonga soli mlangoni kutoa udongo. Sijawahi kumsikia akilalamika juu ya goti, mgongo au mtu. Mimi hulalamika kwa niaba ya wote wawili.

Kazi yake ni kuwaongoza wageni mlimani. Njia yenyewe ni ya mzunguko. Unaondoka kwenye ofisi ya waongozaji mjini, unarudi ofisini, na hupiti mahali pamoja mara mbili. Waongozaji wameipa sehemu zake majina ya viungo vya mwili. Mwanzo ni Magoti, mtaa wa maseremala na wauza mbao, ambao unainuka kidogokidogo bila kukupa taarifa. Halafu kinakuja Kifua, mpando wa saa nzima na ushee, mkali hivi kwamba ukinyoosha mkono mbele yako unashika njia. Juu ni Bega, uwanda wa majani mafupi na upepo. Kutoka hapo unashuka polepole katikati ya misonobari hadi ziwani, na mwisho unarudi mjini kando ya maji, mwendo wa tambarare, ziwa mkono wa kulia na bustani za mboga mkono wa kushoto. Hiyo wanaiita Mgongo, kwa sababu mtu akifika hapo anajiona kama amejilaza.

Yeye alianza kwa kuosha vyombo kwenye nyumba ya wageni iliyo mkabala na ofisi. Asubuhi moja mwongozaji hakutokea, na wageni wanne walikuwa wamekwisha kufunga kamba za viatu. Mmoja wao alikuwa bibi mwenye fimbo. Wifi alifuta mikono, akasema njia anaijua, maana alikuwa akikata kuni huko tangu utoto. Waliporudi jioni, bibi mwenye fimbo ndiye aliyeingia getini kwanza, anacheka, na wifi akiwa wa mwisho, amebeba mkoba wa bibi. Tangu siku hiyo hakurudi kwenye sinki.

Na tangu siku hiyo hakutangulia. Waongozaji wote wengine hukaa mbele na filimbi shingoni, wageni wanawafuata kama vifaranga. Yeye humchukua mzito kuliko wote akamweka mbele, wengine wakafuata, yeye akafunga. Wenzake wakampa jina la mkia. Akalipokea. Nilipomuuliza mbona anakubali kudharauliwa, aliniambia njia haipotei, iko palepale miaka yote. Wanaopotea ni watu, na mtu akipotea hapotelei mbele yako.

Basi mwaka huu ofisi ikapata msimamizi mpya. Mwanamume wa miaka thelathini na kidogo, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inaweza kukata mkate, saa ya mkononi kubwa kama kifuniko cha chupa. Sikumchukia. Chuki yangu ina wenyewe. Lakini alikuwa na ile haraka ya watu ambao hawajawahi kungoja kitu. Alikaa na daftari la wageni siku tatu, akasoma kila maoni tangu mwaka wa kwanza, na kwenye safari za wifi akakuta jambo linalojirudia. Mgeni mmoja ameandika: mwongozaji ni mwema sana, ila anachoka haraka. Mwingine: mama wa watu alituomba tupumzike mara saba. Mwingine: tunashauri apewe kazi nyepesi, umri umekwenda.

Akamwita. Mimi nilikuwa pale, maana ni mimi ninayepika kwenye nyumba ya wageni, na nilikuwa nimepeleka chai. Alimwambia kwa heshima, namshukuru kwa hilo, kwamba ofisi haiwezi kumtuma mlimani mtu wa miaka hamsini na minane ambaye hana pumzi. Alhamisi kulikuwa na walimu tisa waliokuja mjini kwa semina. Angewaongoza, na yeye msimamizi angekwenda nao. Wakiondoka saa moja asubuhi na wote wakawa wamesaini daftari kabla ya saa sita, abaki na beji yake. La sivyo aiache mezani siku hiyohiyo.

Wifi alisoma yale maoni moja moja, kidole chini ya mstari. Nilingoja ajitetee. Alifunga daftari akasema, "Sawa, bosi. Alhamisi."

Njiani nilimgombeza. Nilimwambia ndivyo walivyo, watu wa ofisini na watu wa nyumbani, wanakuandikia mambo usipokuwepo kisha wanabadilisha kitasa. Angesema kitu. Angesema chochote. Yeye akaniuliza kama nina viatu vya kufunga kamba, kwa sababu mbeba chai alikuwa na homa na Alhamisi mimi ndiye ningebeba chupa.

Nilikuwa nimeishi chini ya mlima ule miaka arobaini na saba bila kuupanda. Mzito nilikuwa mimi, hilo lilionekana tangu kwenye Magoti. Mwalimu mmoja mfupi mwenye kofia alipiga hesabu za mwendo wangu kwa macho na kunong'ona kwamba kwa kasi hii tutafika likizo ijayo. Chini ya Kifua wifi alitupanga. Aliwatazama wote, akaja kwangu.

"Mbele, wifi."

Nilimvuta pembeni. Nilimwambia kazi yake iko kwenye saa ya yule kijana, na mimi nikikaa mbele beji imekwenda. Nirudi, chai wataibeba walimu wenyewe. Alinifunga kamba ya kiatu iliyokuwa imelegea, kisha akasimama.

"Nimeondoka na watu kumi na mmoja," akasema. "Nitarudi na watu kumi na mmoja. Panda."

Nikapanda. Mbele yangu hakukuwa na mtu, na hilo lilikuwa jambo geni kwangu, maana maisha yangu yote nimetazama mgongo wa fulani. Nilikuwa naona jiwe, mzizi, jiwe. Baada ya muda mapafu yalianza kunichoma, miguu ikawa ya mtu mwingine. Nilikuwa nimeapa kutosema kitu, hata nianguke. Na hapohapo, hata sijaguna, nikasikia sauti yake kutoka nyuma kabisa, chini ya watu wote.

"Jamani, tupumzike. Nimechoka."

Tukakaa. Msimamizi akatazama saa yake na kuandika kwenye karatasi. Nikatazama chini, nikamwona wifi amesimama ameegemea fimbo, mdomo umefungwa, kifua kimetulia kama cha mtu anayengoja mkate dukani. Alikuwa hatoki jasho.

Mara ya pili ilikuwa hivyohivyo. Mara ya tatu nilikuwa sijachoka bado, nikashangaa kusikia "nimechoka", nikageuka, nikamwona mwalimu mmoja mama mnene anakaa chini kwa shukrani zote. Ndipo nikaelewa, na nikaona haya ya miaka sita. Baadaye aliniambia anatazama visigino. Mdomo wa mtu utasema sijambo mpaka azimie, lakini kisigino kikianza kuburuta hakina adabu ya kuficha. Kutoka nyuma unaviona vyote. Na mtu mzima si vizuri kumwambia mbele ya wenzake kwamba kachoka, kwa hiyo yeye humchokea.

Kwa nini hakumweleza msimamizi? Nilimuuliza hilo pia. Alisema wale wageni walikwisha kwenda makwao wakijua kwamba walipanda mlima na aliyewachelewesha ni mwongozaji. Awaandikie barua sasa?

Tulifika Bega saa tatu na dakika arobaini. Walimu walitandaza makoti, nikamimina chai, na ziwa likawa chini yetu lote, pana, la rangi ya bati jipya. Msimamizi hakukaa. Alipiga hesabu zake akatangaza kwamba kwa mwendo huu tutafika saa sita kamili au tuikose kidogo, na kwamba yeye anataka kuona kama njia ya kushuka inaweza kufanywa kwa nusu ya muda. Walimu wawili vijana wakasema watakwenda naye. Wangetungoja kwenye nyumba ya pampu, pale njia inapokutana na ziwa.

Wifi alimwambia mwaka huu maji yamepanda. Njia ya zamani ya ufukweni, iliyochorwa kwenye ramani ya ofisini, imefunikwa na matete. Wapite juu, kwenye bustani za kabichi. Msimamizi alijibu kwamba ramani ameichora upya yeye mwenyewe mwezi uliopita. Hakusema alikuwa ameichora akiwa wapi.

"Wewe ni mkubwa wangu, bosi," wifi akasema. "Lakini nikikuomba ukae nami, ukae."

Hakukaa. Tuliwaona watatu wakiruka mawe kama mbuzi hadi misonobari ikawafunika.

Sisi tuliosalia tulishuka kwa utaratibu, tukapita kwenye kabichi, tukafika nyumba ya pampu saa tano na dakika kumi. Pampu ilikuwa inanguruma. Mlinzi wa pampu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na akatuambia hajaona mtu tangu asubuhi.

Kutoka pale hadi ofisini ni dakika arobaini. Kila mmoja wetu alipiga hesabu hiyo. Yule mwalimu mwenye kofia, ambaye kwenye Magoti alikuwa amenicheka, ndiye aliyesema. Alisema dada, muda unao. Twende, usaini, halafu ofisi itume watu wawatafute. Wale ni watu wazima na walikaidi wenyewe. Na mimi nikasema ndiyo. Nasema kweli yangu, nilisema ndiyo kwa sauti kuliko wote.

Wifi alikuwa anakunja suruali yake hadi magotini.

"Mimi ni wa mwisho," akasema. "Nikifika mjini na kuna mtu nyuma yangu, nitakuwa wa ngapi?"

Akanikabidhi walimu saba, akaniambia nisiwaache wakae kwenye upepo, akaingia njia ya matete na fimbo yake, anapima kina kabla ya kila hatua. Saa sita ilipita tukiwa tumekaa ukutani mwa pampu. Mwalimu mwenye kofia alivua saa yake akaitia mfukoni.

Walitokea saa sita na nusu. Vijana wawili walikuwa na tope hadi kiunoni. Msimamizi alikuwa na kiatu kimoja. Kingine kilikuwa kimebaki chini ya matope, na mguu uliotoka humo ulikuwa umevimba kifundo kama embe dodo. Shati halikuwa na mkunjo hata mmoja ulionyooka. Wifi alikuwa nyuma yao.

Alimfunga kifundo kwa kitambaa chake cha kichwa, kisha akatupanga upya. Sasa mzito alikuwa msimamizi, basi akamweka mbele, na akaniambia nimpe bega. Ndivyo tulivyoingia Mgongo, mimi na yeye tumeshikana kama watu waliotoka kwenye harusi vibaya, na msafara wote nyuma yetu.

Kuna jambo sikulisema. Nyumba niliyofungiwa iko kwenye njia hiyo, baada ya kambi ya mafundi wa mitumbwi. Miaka sita nilikuwa nazunguka sokoni ili nisiione. Nilipoona lile paa, miguu ilisimama yenyewe. Mume wangu alikuwa ameketi barazani anamenya chungwa. Kuta zilikuwa zimechujuka, hakuna aliyezipaka tena. Msimamizi akaniuliza kama ameniumiza bega.

"Pita, wifi," ikaja sauti kutoka nyuma ya watu kumi. "Nyuma yako niko mimi."

Nikapita. Sikutazama kulia wala kushoto, ila nilisikia kisu kinaacha kumenya. Dada yake alimsalimia kwa jina lake la utotoni, kwa sauti ya kawaida kabisa, na hakusimama.

Mbele kidogo msimamizi alianza kuuburuta ule mguu. Alikuwa ameng'ata meno na uso umepauka, lakini alikuwa mwanamume mbele ya walimu, akaendelea. Hatua kumi, kumi na tano.

"Jamani, tupumzike," wifi akasema. "Nimechoka."

Tulikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Msimamizi aligeuka kumtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, yule mwanamke wa miaka hamsini na minane aliyekuwa amesimama wima juani, hana jasho, hapumui kwa nguvu, anaangalia ndege wa majini kana kwamba ndio waliomchosha. Kisha akatazama kisigino chake mwenyewe. Nilimwona anahesabu kitu kichwani, na safari hii halikuwa jambo la saa.

Tuliingia ofisini saa nane kasoro dakika tano. Walimu wakasaini mmoja mmoja. Mimi nikasaini, kwa herufi ambazo wifi mwenyewe alinifundisha kwenye kurasa za nyuma za madaftari ya zamani. Wifi akavua beji akaiweka mezani, maana ndivyo walivyokubaliana, akaenda kukaa kwenye benchi kufungua kamba za viatu. Hakuna aliyemtetea. Sote tulikuwa tunamtazama msimamizi, ambaye jina lake lilikuwa bado halijaandikwa.

Aliandika jina, akaandika saa ya kufika bila kuipunguza hata dakika. Kwenye nafasi ya maoni aliandika muda mrefu kidogo. Halafu akaichukua beji, akaruka kwa mguu mmoja hadi kwenye benchi, akaiweka mapajani mwa wifi na kumwambia Jumamosi kuna wageni sita, na mmoja wao ana miaka sabini na nne.

Nilisoma alichoandika, polepole, herufi kwa herufi. Aliandika: Aliyechoka nilikuwa mimi. Na nadhani hata wale wageni wa zamani walichoka wenyewe.

Wenzake bado wanamwita Bi Mkia. Ila siku hizi mmoja wao, mwongozaji kijana, nimemwona mara mbili akirudi na wageni akiwa nyuma yao, filimbi ameitia mfukoni.

Jioni ile ya Alhamisi, wakati wifi anatundika viatu kwenye msumari, nilimuuliza swali lililokuwa linanisumbua tangu Kifua. Siku ile ya magunia, tuliposimama mara tatu, alikuwa amechoka kweli au alikuwa ananichokea?

Alifikiri, akiwa ameshika kiatu kimoja.

"Mara mbili za kwanza zilikuwa zako," akasema. "Ya tatu ilikuwa yangu. Wifi, ulikuwa umeolewa na mtu au na pasi za chuma? Gunia lile lilikuwa na pasi nne."

Zilikuwa tatu. Nilimwambia hivyo, akakataa, na tukabishana hadi chakula kikaiva.